Nyumba Baada ya Dhiki: Tupake Rangi Gani?

Baada ya dhiki faraja, ndivyo walivyotuambia wazee wetu. Hawakutuambia faraja hiyo huja lini wala huingia kwa mlango upi. Kwa wengi wetu akina mama huanza kubisha hodi siku ile tunapozitazama kuta za nyumba zetu na kusema moyoni: hapana, hatuwezi kuendelea kuishi na kuta hizi jinsi zilivyo.

Maana dhiki huacha alama ukutani. Mafuriko, kama yale yaliyowafika wenzetu wa Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, huacha mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi. Ugonjwa wa muda mrefu huacha weusi pale mkono wa mgonjwa ulipojishikiza akienda msalani. Kazi ya baba ikikoma, rangi ya sebuleni huchakaa miaka ikipita na hakuna anayethubutu kuitaja. Na msiba huacha misumari mitupu pale picha zilipoondolewa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzitazama.

Huenda mama mmoja akauliza, "Ada ya shule bado hatujamaliza, rangi ni ya nini?" Swali lake ni la haki. Hatusemi kwamba rangi itangulie chakula, ada au dawa. Tunasema kwamba ukuta ndicho kitu cha kwanza anachokiona mtoto akiamka, na cha mwisho anachokiona kabla taa haijazimwa. Mengi katika dhiki tuliamuliwa bila kuulizwa. Kuchagua rangi ya nyumba ni uamuzi mdogo uliorudi mikononi mwetu. Basi tuufanye taratibu, kwa pamoja, na kwa kadiri ya mfuko.

KWANZA UKUTA UPONE

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, tunasoma maagizo juu ya nyumba ambayo kuta zake zimeingiwa na madoa ya kijani au mekundu. Tuangalie utaratibu wake. Mwenye nyumba mwenyewe huenda kumweleza kuhani. Haifichi hali ya nyumba yake. Vyombo hutolewa nje. Nyumba hufungwa siku saba. Madoa yakiwa yameenea, mawe yaliyoharibika huondolewa, kuta hukwanguliwa ndani pande zote, kisha huwekwa mawe mengine na lipu nyingine. Hakuna mahali anapoambiwa alifunike doa.

Hapo ndipo wengi tunapopoteza fedha. Tunanunua rangi nzuri na kuipaka juu ya ukuta wenye unyevu, na baada ya masika moja inavimba na kubanduka kama ganda la kitunguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo tuulize kwanza: maji yanatoka wapi? Ni bati linalovuja, bomba lililopasuka, au udongo uliorundikana nje ukaupita msingi? Hilo litengenezwe kwanza.

Kisha tuupe ukuta muda. Lipu mpya ya saruji huachwa kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Ukuta ulioloweshwa na mafuriko waweza kuhitaji miezi, hata kama kwa nje unaonekana mkavu. Njia rahisi ya kujua ni hii: kata kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone ya maji nyuma yake, ukuta bado unatoa unyevu. Subiri.

Kuvu ioshwe, isipakwe rangi juu. Ukitumia dawa ya klorini, fuata vipimo vya kwenye chupa na ufungue madirisha. Kamwe usiichanganye na siki, na amonia, wala na dawa ya choo yenye tindikali, maana hutoa hewa ya sumu. Unga mweupe unaotoka ukutani ni chumvi inayoletwa na maji. Upanguswe kwa brashi kavu, kwa sababu ukiuosha kwa maji chumvi hurudi ndani.

TAHADHARI KWA WATOTO

Rangi za zamani, hasa za mafuta, na hasa zile za njano, nyekundu na kijani zilizokoza, huenda zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo ambao Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliutoa mwaka 2018 unapendekeza kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Hivyo tunaponunua, tuulize rangi isiyo na risasi na tusome maandishi ya kwenye kopo. Na tunapokwangua rangi kuukuu, tusipige msasa mkavu wakati watoto wapo ndani. Tuloweshe ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, tukusanye mabaki yote, tupige deki kwa kitambaa chenye maji, na mama mjamzito na watoto wakae kwa jirani mpaka kazi iishe.

TUSIKILIZE MWANGA

Ukuta ukishapona, ndipo tuzungumze juu ya rangi. Wengi tunaichagua dukani kwenye kikaratasi chenye ukubwa wa kiberiti. Kikaratasi hicho hudanganya. Rangi ikienea kuta nne, kila ukuta humulika mwenzake, na rangi huonekana imekoza kuliko tulivyotegemea. Ukiipenda rangi fulani, chukua iliyofifia zaidi ya hiyo kwa hatua moja.

Chumba kinachotazama mashariki hupata jua laini la asubuhi, na karibu rangi yoyote hupendeza humo. Chumba cha magharibi hupokea jua kali la alasiri. Ukikipaka njano au rangi ya chungwa, jioni kitaonekana kama tanuri. Humo kijani cha majani machanga au bluu ya mbingu iliyofifia hupumzisha macho. Tukumbuke pia kwamba kwetu Tanzania jua huelemea kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo dirisha lililo na kivuli leo laweza kuwa na jua baada ya miezi sita.

Wengi wetu tuna chumba ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani. Tunakipaka nyeupe tupu tukidhani kitang'aa, nacho kinaonekana cha kijivu kama majivu. Nyeupe haina mwanga wa kwake. Hurudisha ule iliopewa. Chumba cha namna hiyo hufaidika zaidi na rangi ya maziwa au njano iliyofifia sana, kwa sababu huleta ujoto ambao dirisha halileti. Dari yake iwe nyeupe, ili mwanga mdogo uliopo urudi chini.

Kabla ya kununua kopo kubwa, nunua kopo dogo, upake kwenye kipande cha boksi chenye upana wa nusu mita. Kisimamishe ukutani. Kitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka, maana taa ya mwanga wa njano na taa ya mwanga mweupe hubadili rangi ileile. Kiache siku tatu. Rangi uliyoichoka kwa siku tatu usitegemee kuipenda kwa miaka mitano.

TUWASIKILIZE WALIO NYUMBANI

Tuchukue mfano wa mama aliyefiwa na mume baada ya ugonjwa wa miaka miwili. Chumba alichougulia baba kina bluu iliyokoza. Mama anatamani kuifuta leo kabla ya kesho, kwa sababu kila akiingia humo anasikia kikohozi. Binti yao wa miaka 10 hataki iguswe, kwa sababu bluu hiyo aliichagua baba. Nani ana haki?

Wote wawili wana haki. Mama asianze na chumba hicho. Aanze na sebule au koridoni, watoto waone kwamba rangi mpya haimfukuzi mtu. Baadaye akae na binti yake amuulize, "Mwanangu, tukiipunguza makali bluu ya baba kwa nyeupe, utaona vibaya?" Bluu ileile iliyochanganywa na nyeupe nyingi huwa nyepesi kama anga baada ya mvua. Mama anapata chumba kipya, na binti anabaki na rangi ya baba yake. Na kama ukutani kuna mistari ya kalamu inayoonyesha urefu wa watoto mwaka hadi mwaka, isifunikwe. Inakiliwe kwanza kwenye ubao, pamoja na majina na tarehe. Mistari hiyo yaweza kuwa ndiyo yote tuliyobaki nayo ya mtoto mmoja.

Mume naye asisahauliwe. Baba aliyepoteza kazi akirudi jioni na kumkuta fundi ndani na yeye hakuulizwa, rangi hiyo itamwambia kwamba hata ukuta hauhitaji tena neno lake. Tumwambie mapema: "Baba fulani, tuna fedha kidogo ya rangi. Wewe unaonaje?" Ikiwezekana, rola aishike yeye. Nyumba nyingine zimerudisha mazungumzo kati ya mke na mume kwa siku mbili za kupaka rangi kuliko kwa miezi ya kukaa mezani bila kuangaliana.

MANENO YA WATU

Mjane akipaka rangi, hakosi wa kusema, "Amefurahi kufiwa huyo." Neno hilo huuma, na baadhi yetu tumeishi na kuta zenye kuvu kwa kuliogopa.

Tulitazame Kanisa. Madhehebu mengi huweka zambarau wakati wa Kwaresima na Majilio, nyeupe wakati wa Pasaka na Krismasi, nyekundu siku ya Pentekoste, na kijani siku nyingi za kawaida. Zambarau haidharauliwi, bali hupewa majuma yake, tena si machache. Lakini siku yake ikifika huondolewa madhabahuni, na hakuna anayesema kwamba Kanisa limeusahau Msalaba.

Hata hivyo tutumie hekima. Tungoje matanga yaondolewe. Na kabla fundi hajaja, twende kwa mama mkwe tuseme kwa adabu, "Shikamoo mama. Chumba kile kina kuvu na watoto wanakohoa. Tunaomba baraka yako tukipake." Yeye pia ni mama, na aliyezikwa ni mwanawe. Akiambiwa mapema, mara nyingi yeye ndiye atakayewajibu majirani kwa niaba yetu.

HESABU YA MFUKO

Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kuta za urefu wa mita tatu, kina mita za mraba 36. Tukiondoa mlango na dirisha hubaki kama 33. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mara moja juu ya ukuta laini. Kupaka mara mbili, basi, ni karibu lita 7, yaani galoni mbili za lita nne nne, na kidogo hubaki cha kurekebishia. Ukuta wa lipu mpya au wenye mikwaruzo hunywa zaidi, kwa hiyo utangulize rangi ya msingi. Nunua rangi ya chumba kizima siku moja, maana ikichanganywa siku nyingine huenda isilingane.

Rangi ya mafuta ina faida jikoni na chini ya kuta za koridoni, kwa sababu huoshwa kwa urahisi. Isipakwe kwenye ukuta ambao bado una unyevu, kwani huufungia ndani.

Na ambaye hana fedha ya galoni asione haya kutumia chokaa. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zimepakwa chokaa vizazi na vizazi. Chokaa huuacha ukuta upumue, kuvu haiipendi, na weupe wake hutulia. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, na ikiwa mbichi huunguza macho na ngozi, kwa hiyo tuvae glavu na watoto wakae mbali.

Chumba kimoja kwa mwaka si aibu. Tuanze na kile wanacholala watoto.

Wapendwa akina mama, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Rangi haitamrudisha aliyeondoka, wala haitalipa deni. Itatupa ukuta safi wa kupigilia tena msumari na kuirudisha picha mahali pake, siku tutakapoweza kuitazama. Mungu azijalie nyumba zetu amani.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni ukuta gani katika nyumba yetu ambao kila mtu anaukwepa kuutazama? Kwa nini?

2. Ni alama gani tusiyotaka ifunikwe, na tutaitunza vipi?

3. Tukiwa na fedha ya chumba kimoja tu mwaka huu, kiwe cha nani?