Nyumba kongwe Tabora: Saruji inapougeuka ukuta wa udongo

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MVUA za Tabora kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa mwenye nyumba kongwe ya udongo miezi hiyo ndiyo kipimo cha uimara wa kuta zake. Wengi hutazama paa pekee. Hata hivyo, nyumba za aina hiyo mara nyingi hudhoofika kuanzia chini, na wakati mwingine ukarabati uliokusudiwa kuziokoa ndio unaoharakisha kuanguka kwake.

Suala hili si la kumbukumbu za kale tu, bali ni la uhai wa watu. Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kuwa mvua za msimu huo, zilizoambatana na El Nino, zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kuharibu nyumba zaidi ya 10,000 nchini.

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika hapo walijenga tembe: nyumba kubwa zenye kuta nene za udongo na paa bapa la boriti lililofunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Mfano unaojulikana zaidi ni tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, alikokaa Dk. David Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872, na ambalo limekarabatiwa na kuwa makumbusho.

Paa la udongo linafaa zaidi mahali penye mvua haba, kama Ugogo, ambako tembe limezoeleka tangu zamani. Mkoa wa Tabora hupata takriban milimita 700 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa bapa katika hali hiyo huhitaji kukandikwa upya mara kwa mara. Likiachwa, maji hutuama, hupenya na kuozesha boriti.

Kuezeka kwa bati kuliondoa tatizo hilo na kuleta jingine. Bati lisilo na mfereji humwaga maji yote katika mstari mmoja karibu na ukuta. Matone huchimba ardhi, huacha msingi wazi na kurusha matope ukutani, msimu baada ya msimu.

Maji hupanda

Hatari isiyoonekana ni ile ya maji yanayopanda kutoka ardhini. Udongo wa ukuta hufyonza maji kama utambi wa kandili unavyofyonza mafuta. Nyumba za kisasa huwekewa tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Nyumba kongwe kwa kawaida hazina.

Ukuta wa udongo ulio mkavu hubeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi. Ukiloa, nguvu yake hushuka haraka. Kilichoulinda zamani ni uwezo wake wa kukauka, kwani lipu ya udongo au ya chokaa huruhusu unyevu kutoka nje kama mvuke.

Hapa ndipo saruji inapoleta madhara. Lipu ya saruji ni ngumu na haipitishi mvuke kwa urahisi, wakati udongo ulio nyuma yake hutanuka na kusinyaa. Baada ya muda hutokea nyufa nyembamba; maji ya mvua huingia kupitia humo na hushindwa kutoka. Kwa nje ukuta huonekana imara, ilhali kwa ndani unageuka matope. Rangi ya mafuta nayo huzuia mvuke kwa namna hiyo hiyo.

Aidha, maji ya Ziwa Viktoria yaliyofikishwa Tabora yamekuwa faraja kubwa kwa wakazi, lakini bomba linalovuja chini ya sakafu ya nyumba kongwe hulowesha msingi hata wakati wa kiangazi. Mbao zenye unyevu nazo huvutia mchwa.

Dalili na hatua

Dalili za awali ni mstari wa unyevu karibu na sakafu, unga mweupe wa chumvi ukutani, lipu inayotoa mlio wa uwazi ikigongwa, na milango inayoanza kukwama. Ukuta ukianza kuvimba au kuinama, wakazi hawana budi kuondoka chumbani mara moja na kumwita fundi, hasa mvua inaponyesha usiku.

Hatua nyingi ni za gharama nafuu na zafaa kufanywa kabla ya Novemba: kuondoa udongo na taka zilizorundikana ukutani, kuipa ardhi mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba, kufunga mifereji ya bati, kutengeneza mabomba yanayovuja, na kuziba nyufa kwa udongo au chokaa badala ya saruji.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na yale yanayotangazwa rasmi, na hayo hayapaswi kuguswa bila kibali. Njia ya misafara yenyewe imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Lakini nyumba za baada ya mwaka huo wa 1863 ambazo hazijatangazwa hubaki mikononi mwa wenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo, hata aliyeziba ufa kwa saruji huenda akajenga ukuta vilevile.