Maksi za Kiingereza Zinatoka Wapi?

Muhula umefungwa, ripoti zimefika nyumbani, na malalamiko nayo yameanza. Baba mmoja ametuuliza: "Huyu kijana anaongea Kiingereza na wenzake kutwa nzima, D imetoka wapi?" Mama mwingine amesema walimu tunabana maksi. Na kuna mzazi aliyesema kama ni D, basi binti aache shule, asaidie nyumbani. Hilo la mwisho ndilo limetufanya tuandike.

GREDI SI ASILIMIA

Wengi wetu tulisoma Kongo. Kule buletini ilikuja na asilimia, ukipata 50 umepita. Hapa Kenya mtihani wa KCSE una gredi 12, kuanzia A yenye pointi 12 mpaka E yenye pointi 1. D ni pointi 3. Hatusemi ni nzuri. Lakini mtoto aliyesoma kila kitu kwa Kifaransa mpaka juzi, akipata D katika kidato cha tatu, amekosa lugha, hajakosa akili. Ulizeni alikuwa wapi mwaka jana, ndipo mjue anapanda au anashuka.

KARATASI TATU

Kiingereza cha KCSE kina maksi 200, na mitihani yetu ya kidato cha tatu na cha nne tunaitunga kwa mfano huo. Karatasi ya kwanza ina 60: kuandika barua, hotuba au kitu kama hicho 20, kujaza mapengo 10, na matamshi na mazungumzo 30. Hata hayo ya mazungumzo yanajibiwa kwa kalamu! Ya pili ina 80, nayo ni kusoma na kuelewa, fasihi na sarufi. Ya tatu ina 60: insha moja ya kubuni na insha mbili za vitabu vilivyopangwa, kila moja 20.

Sasa mnaona kwa nini yule kijana anayeongea kama redio anaweza kupata D. Maongezi ya uwanjani hayana karatasi yake. Na vitabu ni vichache, kimoja kinazunguka mikono mingi. Asiyekisoma kitabu hawezi kubahatisha insha yake.

Katika insha ya kubuni, msahihishaji anaangalia kwanza kama ujumbe umefika. Akilazimika kukisia mwandishi anataka kusema nini, maksi ni kati ya 1 na 5. Ukieleweka kwa shida, 6 mpaka 10. Ukiandika kwa ufasaha, 11 mpaka 15. Zinazobaki ni za yule anayeandika mpaka msomaji akafurahi. Kwa hiyo mtoto anayeogopa makosa, akaandika mistari sita tu, anajiumiza mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aandike, akosee, tumsahihishe.

MAKSI ZA HURUMA

Wengine wanatuomba tuongeze kidogo, mtoto asivunjike moyo. Tunaelewa. Lakini KCSE inasahihishwa mbali na hapa, na anayesahihisha hajui kama mtoto alipanga foleni ya maji alfajiri. Anaona karatasi tu. Tukimpa B ya huruma leo, siku ya matokeo atalia peke yake, na atauliza kwa nini hatukumwambia mapema.

Ila na sisi tuna deni. Alama bila maelezo haimfundishi mtu. Darasa la wanafunzi 90, insha moja kwa dakika 5, ni saa saba na nusu za kusahihisha. Hatuwezi kuandika maelezo marefu kwa kila mmoja, lakini neno moja la kumwonyesha pa kurekebisha, hilo mna haki ya kulidai.

KISWAHILI KINASAIDIA, LAKINI...

Tangu 2023 wastani wa KCSE unahesabu hesabu, lugha moja iliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Yaani mwenye Kiswahili kizuri hazamishwi na Kiingereza peke yake. Hii ni nafuu kubwa kwa watoto wetu. Lakini msilale: biolojia, historia na jiografia maswali yake ni ya Kiingereza. Asiyeelewa swali atajibu nini? Na mlango wa digrii ni wastani wa C+.

MZAZI ASIYEJUA KIINGEREZA AFANYE NINI?

Mambo manne tu. Kwanza, msiishie kwenye ripoti. Mwambie mtoto alete karatasi zenyewe, akuonyeshe maksi zilipotea wapi. Pili, akisoma hadithi, akusimulie kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kusimulia, ameelewa. Tatu, taa ikiwa moja, apewe nusu saa yake kabla ya wengine, na wasichana wasikoseshwe nusu saa hiyo kwa sababu ya vyombo. Nne, akikosea kuongea, msimcheke.

Watoto wa mtaala mpya wa CBC wanapimwa kwa njia tofauti, tutaieleza toleo lingine.

Na wewe mzazi unayefikiria kumtoa binti: njoo naye kwanza, na karatasi zake zote tatu. Tukae, tuzisome pamoja. Ukishajua D imetoka wapi, ndipo uamue.