Faida Ipo, Hela Haipo: Biashara Zinavyokufa kwa Kuchelewa Kulipwa

Tarehe 2 Agosti 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilitwaa usimamizi wa Bank M, benki iliyojijengea jina kwa kuhudumia makampuni. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: upungufu mkubwa wa ukwasi na kushindwa kulipa madeni yaliyoiva. Huduma zikasimama. Mali na madeni yake yalipohamishiwa Azania Bank Januari 2019, wenye amana walikuwa wamekaa zaidi ya miezi mitano wakilijua salio lao bila kuweza kuligusa. Kampuni iliyokuwa imeweka fedha zake zote humo ilibidi itafute mishahara ya wafanyakazi kwingine.

Benki hukopa kwa muda mfupi na kukopesha kwa muda mrefu. Mwenye akaunti ana haki ya kuja kesho asubuhi kuchukua chake. Aliyekopeshwa kujenga hoteli ana miaka ya kulipa. Katika pengo hilo la tarehe ndimo benki inamopatia riba, na ndimo inamoweza kuanguka. Kwa hiyo Tanzania na Kenya zote huitaka kila benki iwe na mali za ukwasi, yaani noti, salio la Benki Kuu, dhamana za serikali za muda mfupi na zinazofanana na hizo, zisizopungua asilimia 20 ya amana na madeni yake ya muda mfupi. Siku za utulivu kiasi hicho kinatosha. Siku ya wasiwasi hakitoshi hata kidogo.

Wakenya waliliona hilo Aprili 2016. Benki tatu ziliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa muda, ndani ya miezi isiyozidi tisa: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba, kisha Chase Bank Aprili 7. Kuhusu Chase, Benki Kuu ya Kenya ilitaja taarifa zisizo sahihi kwenye mitandao ya kijamii pamoja na wakurugenzi wawili kujiweka kando. Wateja walikimbilia fedha zao, na benki ikaishiwa. Gavana Patrick Njoroge alitangaza dirisha la kuzikopesha benki nyingine zitakazobanwa, na Chase ikafunguliwa tena mwezi huohuo chini ya usimamizi wa benki ya KCB. Lakini woga ulikuwa umeshaingia. Amana zilihamia benki kubwa, na benki ndogo zikapata shida kukopa hata kwa usiku mmoja kutoka kwa wenzao, zikiwemo zile ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Tanzania ilipitia ukame wa aina nyingine. Mwaka 2016 mashirika ya umma yalielekezwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki: benki zilikuwa zikipokea fedha za umma kwa gharama ndogo, kisha zikiikopesha serikali fedha hizohizo kwa riba. Hata hivyo benki zilizozoea amana hizo zilibanwa, mikopo ikapungua, na mtaani watu wakaanza kusema vyuma vimekaza. Aprili 2017 Benki Kuu ilipunguza kiwango cha amana ambazo benki lazima ziziweke kwake, kutoka asilimia 10 hadi 8, ili kulegeza hali.

Wachumi wetu huishia hapo, kwenye benki. Mimi naona uzito wa tatizo uko dukani, ghalani na kwenye ofisi ya mkandarasi. Huko hakuna gavana wa kufungua dirisha.

Chukua kisa cha Nakumatt. Ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Duka kubwa la rejareja huuza kwa fedha taslimu na kuwalipa wasambazaji baadaye, hivyo kila siku linashika fedha ambazo si zake. Likitumia fedha hizo kufungua matawi mapya, siku mauzo yanaposhuka hakuna cha kuwalipa waliotoa bidhaa. Ndivyo ilivyotokea: wasambazaji wa Nakumatt wakaacha kuleta mali, rafu zikabaki tupu, wateja wakahama. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Walioumia zaidi ni wasambazaji wadogo, watu wa maziwa, mikate na mboga, ambao waliikopesha kampuni kubwa bila riba na bila dhamana.

Wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, nao wana mkopo wao: mali kauli. Unachukua mzigo kwa neno lako, unauza, unarudisha fedha ya tajiri na kubaki na ya juu. Mkopo huo unafanya kazi vizuri kwa sababu mkopeshaji anamjua mkopaji, na anayevunja kauli hapati mzigo tena soko zima. Mfanyabiashara mdogo hana adhabu kama hiyo ya kumpa mteja wake mkubwa kuliko wote, yaani serikali.

Tuseme mzabuni wa Dodoma amepeleka samani za shilingi milioni 40 katika taasisi ya umma mwezi Machi na kutoa risiti ya mashine ya EFD. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 anatakiwa kuifikisha Mamlaka ya Mapato (TRA) kufikia tarehe 20 Aprili, hata kama hajalipwa. Maseremala wanasubiri posho, mwenye mbao naye anasubiri. Malipo yakija Septemba, atakuwa ameshakopa benki kwa riba ili kuziba pengo, na faida aliyoiandika kwenye hesabu imeishia kwa mkopeshaji. Kwenye karatasi amepata. Mfukoni hana kitu.

Msimu wa korosho wa 2018 ulionyesha jambo hilohilo kwa mikoa mizima. Serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyowafurahisha wakulima. Malipo yalipita kwenye uhakiki, na wapo waliosubiri kwa miezi. Mkulima wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, asipolipwa, mwenye duka la bati hauzi, bodaboda hapati abiria, na mkopo wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) haulipiki. Bei nzuri isiyolipwa kwa wakati ilileta njaa ya fedha palepale ilipokusudiwa kuleta neema.

Kenya ilibadilisha sheria yake ya ushindani mwaka 2019, na kumcheleweshea msambazaji malipo bila sababu ya msingi sasa kunahesabiwa kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Tanzania inapaswa kuwa na kifungu kama hicho, na kiibane serikali pia. Hadi hapo, mwenye biashara asitie saini zabuni kabla ya kuhesabu ni miezi mingapi anaweza kuishi bila malipo yake. Na Hazina ianze na wadogo: iwalipe kwanza wazabuni wanaodai kiasi kidogo, maana fedha hiyo inaingia sokoni siku hiyohiyo.