Tullianum: Shimo la mauti lililotikisa siasa za Roma ya kale

CHINI ya kilima cha Capitoline jijini Roma, Italia, kuna vyumba viwili vya mawe vilivyojengwa kimoja juu ya kingine. Hilo ndilo gereza ambalo Warumi waliliita Carcer, na ambalo tangu Zama za Kati limejulikana kama Mamertine.

Chumba cha chini, Tullianum, ndicho kilichoogopwa zaidi. Mfungwa aliteremshwa humo kupitia tundu lililotobolewa katika sakafu ya chumba cha juu. Mwanahistoria Sallust, aliyeishi karne ya kwanza Kabla ya Kristo (K.K.), alikieleza kuwa shimo la uchafu, giza na uvundo.

Aghalabu watu hudhani kuwa wafungwa walitumikia vifungo vya miaka mingi humo. La hasha. Katika sheria ya Kirumi, gereza lilikuwa mahali pa kumzuilia mtu akisubiri kuhukumiwa au kuuawa. Adhabu zenyewe zilikuwa faini, uhamisho, kazi ya sulubu migodini au kifo. Jugurtha, mfalme wa Numidia katika Afrika Kaskazini, alifia humo mwaka 104 K.K. baada ya kutembezwa mbele ya umati katika gwaride la ushindi.

Hata hivyo, kisa kilichozua mjadala mkubwa ni cha mwaka 63 K.K. Konsuli Cicero aliamuru raia watano waliohusishwa na njama ya Catiline ya kupindua serikali wanyongwe humo bila ya kufikishwa mahakamani, ilhali sheria iliwapa raia haki ya kukata rufaa mbele ya umma. Baraza la Seneti lilimwunga mkono, naye akasifiwa kuwa mwokozi wa taifa. Lakini mwaka 58 K.K., uamuzi uo huo ulimlazimu kukimbilia uhamishoni, na nyumba yake ikabomolewa.

Mapokeo ya Kikristo husema kuwa mitume Petro na Paulo walizuiliwa humo, na kwamba Petro aliwabatiza walinzi wake kwa maji ya chemchemi iliyomo. Masimulizi hayo yaliandikwa karne kadhaa baada ya vifo vyao.

Leo kanisa la Mtakatifu Yosefu wa Maseremala limesimama juu ya gereza hilo. Mahujaji na watalii hushuka kwa ngazi hadi mahali ambapo, zama hizo, aliyeteremshwa hakutarajiwa kupanda tena.