Damu inatoka, lakini brosi isilale



Tangu munganga wa meno alipopita hapa na kuwasafisha watu meno, maneno ni mingi katika interna. Mumoja anasema: «Amenitoboa katikati ya meno, sasa ulimi unaingia.» Mwingine anasema maji ya baridi inamuchoma sawa sindano. Na wengi, kiisha kuona damu ndani ya mate, wamefungia brosi yao katika sanduku mpaka «kidonda kipone». Ni juu ya hawa tunaandika, maana hapo ndipo hatari iko. Wawili kati yetu tunaoandika tulifanya vile vile.

Kwanza tujue munganga alitoa nini. Kila siku utando laini wa vijidudu unajengeka juu ya meno; unaanza tena saa chache tu kiisha kusugua. Ukiachwa, madini iliyo ndani ya mate inauingia na kuugeuza mugumu kama jiwe. Hiyo ndiyo tartari, na inaweza kuanza kwa muda wa siku chache tu. Hapo brosi haina nguvu tena, ni chombo cha munganga tu. Basi ule mwanya hakuutoboa. Tartari ndiyo ilikuwa imeujaza, na nyama ya meno, ndiyo ufizi, iliyokuwa imevimba inapungua sasa. Muzizi wa jino unaweza kubaki wazi kidogo, na baridi inauchoma. Kwa wengi inapita kwa siku chache ao wiki chache.

Na damu? Ufizi wenye ugonjwa unatoka damu upesi ukiguswa. Siku mbili tatu kiisha kusafishwa, si neno la kuogopa. Lakini kuacha brosi ni kuita ugonjwa urudi. Katika mwaka 1965, Harald Löe na wenzake kule Aarhus, katika Denmark, waliandika habari za jaribio walilolifanya. Watu 12 wenye ufizi muzima waliacha kusugua meno kabisa. Kati ya siku 10 na 21 wote ufizi ukawavimba. Walipoanza tena kusugua, ukapona kwa muda wa wiki moja hivi. Na wengi wao walikuwa wanafunzi, tena wa mambo ya meno! Kama yao iliharibika upesi vile, yetu itapona namna gani brosi ikiwa katika sanduku?

Basi tufanye hivi. Siku ya kwanza tuache pilipili, chai ya moto sana, ndimu na tumbako (hii ya mwisho haikubaliwi hapa hata siku ingine). Nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kopo ya maji ya vuguvugu, kusukutua na kutema, inatuliza ufizi. Lakini maji ya chumvi haitoi utando. Tangu mangaribi ya siku ile ile, brosi laini, polepole, asubui na kabla ya kulala, dakika mbili. Brosi ilale kidogo kuelekea pahali jino linapokutana na ufizi, maana utando unajificha pale. Dawa ya meno iwe na fluori. Tukimaliza tuteme tu, tusisukutue na maji mingi. Jino lina pande tano na brosi inafika tatu tu: zile za katikati zinataka uzi wa meno ao kijiti laini. Siyo sindano ya kushonea, wala pini ya nywele, tunawaona!

Makala na muchanga inang'arisha, ni kweli, lakini inakula jino. Na brosi ya mwenzako iache, hata akiwa rafiki ao ndugu yako: penye damu, ugonjwa wa ini unaweza kupita.

Kama kiisha wiki mbili za kusugua vizuri damu ingali inatoka, ao kuna usaha, homa, uvimbe wa shavu, ao jino linatikisika, usinyamaze. Enda kwa munganga. Ugonjwa wa ufizi unaweza kushuka mpaka kula mufupa unaoshika jino, na mara nyingi hauumi, ndiyo sababu watu wanachelewa. Mufupa uliokwisha kuliwa haurudi vizuri.

Inabaki neno moja la hapa kwetu. Kiisha masomo ya usiku taa inazimwa mara moja, na mwenye kutaka kusugua anatafuta ndoo katika giza. Tulimwomba Bwana Mwangalizi wa interna atuongezee dakika kumi. Kwa upande wa wavulana amekubali, tangu siku ya kwanza ya juma hili. Kwa upande wa wasichana jibu bado.