Mashine ya Presha si Mchezo wa Sebuleni

Baba amerudi nyumbani Kileleshwa na kijisanduku kipya: mashine ya kupima shinikizo la damu. Baada ya chakula kila mtu anataka zamu yake. Watoto wanacheka, mama anasimulia, televisheni inanguruma, na mkanda unafungwa juu ya sweta. Je, tarakimu zinazotokea ni za kuaminika? Hasha!

Kipimo cha haki kina masharti. Kaa kimya dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni na mkono mezani, usawa wa moyo. Mkanda ugusane na ngozi. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, wala usipande ngazi za ghorofa. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi na jioni, kisha uandike.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, mwone daktari. Ukiona 180/120, tulia kidogo upime tena. Isiposhuka, tafuta daktari siku hiyohiyo. Na kama kifua kinauma au mkono umelegea, kimbilia hospitali.

Hatari kubwa ni ya anayetumia dawa. Akiona 120/80 hushangilia, "Nimepona!" akaacha vidonge. Msomaji, tarakimu hizo ni kazi ya vidonge hivyo. Ukiviacha, presha hurudi kimyakimya, na huenda dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Mashine hupima tu, haitibu. Mpelekee daktari daftari lako, naye ndiye aamue.