Kumbe Zile "Vyuma za Gym" Kwa Nyaya za Stima Ukambani Zina Kazi! Cheki Vile Zinakuokoa

Ukipanda mat ya Mombasa Road upite Emali, Kibwezi hadi Mtito Andei, angalia zile nyaya kubwa za stima. Karibu na kila mlingoti kuna kitu kinaning'inia kama vyuma za gym, ndogo hivi. Hata kwa laini ya Mwingi, Kitui, Wote hadi Sultan Hamud ziko. Wasee wengi hudhani ni za kufukuza ndege. Zii!

Hiyo inaitwa dampa ya Stockbridge. Mmarekani George Stockbridge ndiye aliitengeneza miaka ya 1920. Kazi yake ni kulinda waya usiuliwe na upepo. Na sisemi ule wa kung'oa mabati. Ni ule mpole wa kukausha jasho.

Iko hivi. Upepo ukigonga kitu mviringo, nyuma yake unaacha vizunguzungu vya hewa, kimoja juu, kingine chini, kwa zamu. Kila kimoja kinavuta waya upande wake. Mcheki Vincenc Strouhal alipima hii maneno mwaka wa 1878. Hesabu ni rahisi: gawanya kasi ya upepo kwa unene wa waya, kisha zidisha na 0.2. Waya wa sentimita 3, upepo wa mita 3 kwa sekunde, unatetemeka mara 20 kila sekunde. Upepo ukishinda hivyo siku nzima, hiyo ni zaidi ya mara milioni 1.7!

Sasa kumbuka vile wewe hukata waya bila plaizi: unakunja, unakunjua, mpaka unakatika. Waya wa stima nao huchokea pale umeshikwa kwa mlingoti. Nyuzi za ndani zinakatika moja moja na wewe chini huoni kitu. Dampa inatetemeka badala ya waya, inameza hiyo nguvu.

Ngori inazidi nyaya zikiwa majirani. Laini ya Mombasa hadi Nairobi ni ya kilovolti 400, kwa hivyo nyaya husafiri kwa vikundi. Waya wa mbele unavuruga upepo, wa nyuma unapokea ukiwa umechafuka, unaanza kucheza. Ukicheza, unasukuma hewa na kusumbua mwenzake pia. Ndio maana kuna vyuma vingine katikati ya kuzitenganisha, zisigongane.

Unadhani ni mchezo? Tarehe 1 Novemba 1965, huko Ferrybridge, Uingereza, minara 3 kati ya 8 ya kupoza maji ilianguka kwa upepo mkali. Iliyoanguka ilikuwa ya nyuma! Ile ya mbele haikuikinga, iliirushia upepo uliovurugika.

Kwa hivyo msee akikuletea hivyo vyuma uuze kama skrapu, kataa. Januari 11, 2022 Kenya nzima iliingia giza baada ya milingoti iliyoibiwa vyuma kuanguka Imara Daima. Dampa ikiibiwa hakuna giza siku hiyo. Waya unaendelea kuchoka polepole, na siku ukikatika, chini kuna mtu analisha mbuzi.

Ukiona waya umeshuka au kitu kinaning'inia vibaya, kaa mbali kabisa na upige 97771 ya Kenya Power.